Tuhesabu umeme kabla ya kushangilia mashine

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga waliotuachia methali hii hawakuiona tarakilishi, lakini waliwafahamu barabara watu wanaoipokea. Katika shule zetu za mashambani mashine mpya, au hata kuukuu iliyo mpya kwetu, hupokewa kwa nyimbo, hotuba na picha. Mwalimu mkuu hushika upande mmoja, mfadhili hushika upande wa pili, na wanafunzi hupiga makofi. Swali ambalo aghalabu haliulizwi siku hiyo ni hili: mashine hii itakula nini, na chakula hicho kitaifikia kwa njia gani?

Ninashikilia kwamba swali hilo ndilo linalostahili kutangulia mengine yote. Na tena ninashikilia kwamba shule isiyowafundisha wanafunzi wake kuliuliza haijawafundisha sayansi, hata kama maabara yake imejaa mitambo hadi darini.

Mfano ninao karibu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya upili isiyo mbali na soko la Bokoli, kaunti ya Bungoma. Shule yetu ilipewa seva kuukuu na ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha mitambo yake. Baadaye mhisani mwingine akatuletea kadi ya michoro iliyokwisha kutumika. Kwa wasomaji ambao hawajavizoea vitu hivi, seva ni tarakilishi yenye nguvu, iliyoundwa kuhudumia tarakilishi nyingine nyingi usiku na mchana. Kadi ya michoro ni ubao unaochomekwa ndani ya tarakilishi ili ubebe hesabu za picha. Siku hizi kadi hizo hazitumiki kwa michezo pekee. Kwa kuwa zina uwezo wa kufanya maelfu ya hesabu ndogondogo kwa wakati mmoja, ndizo zinazotumiwa kuifundisha mashine kutambua sauti, maandishi na picha, kazi inayoitwa akili bandia.

Vijana wa chama chetu cha sayansi walikuwa na kusudi la maana. Walitaka kupiga picha za majani ya mahindi katika mashamba ya wazazi wao, kisha waifundishe mashine kutofautisha jani lililoliwa na viwavijeshi vamizi na jani lenye maradhi mengine. Wadudu hao waliingia Kenya mwaka 2017, na eneo letu la magharibi lilikuwa miongoni mwa yale yaliyovamiwa kwanza. Kwa mtoto ambaye karo yake hutoka katika gunia la mahindi, huo si mzaha.

Kadi iliingia mahali pake bila taabu. Lakini ukingoni mwake mlikuwa na tundu la pini nane, lililokuwa likisubiri waya wake maalumu wa umeme, na ndani ya seva hamkuwa na waya hata mmoja wa aina hiyo. Jambo hilo halikuwa ajabu. Tarakilishi ya kawaida ya mezani huwa na kisanduku cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, chenye nyaya nyingi zinazoning'inia, kila moja na kichwa chake. Seva nyingi za kupangwa katika rafu haziko hivyo. Visanduku vyake vya umeme husukumwa kutoka nyuma kama droo, vikagusana moja kwa moja na ubao mkuu, na nyaya zilizomo ni zile tu ambazo mtengenezaji aliziona za lazima kwa kazi aliyoikusudia. Aliyeiunda seva yetu hakukusudia michoro.

Hapo ndipo chumba cha walimu kilipogawanyika. Wengine walisema fundi yeyote wa sokoni anaweza kutuunganishia. Wanafunzi wenyewe walikuwa wamekwisha kuona kwamba zinauzwa adapta za bei nafuu, upande mmoja kichwa cha waya wa kulishia diski, upande wa pili kichwa cha pini nane. Plagi inaingia, walisema, basi kuna shaka gani? Mimi na wenzangu wachache tulisema hapana, mpaka hesabu ifanywe ubaoni. Tukalaumiwa kwamba tunauzima moto wa vijana. Naomba basi niieleze hesabu hiyo hapa, maana msomaji yeyote aliyefika kidato cha tatu anaweza kuifuata.

Nguvu ya umeme, kwa wati, ni volti mara ampea. Kadi tuliyopewa hutumia hadi wati 180 inapofanya kazi kwa bidii. Kwa kanuni walizokubaliana watengenezaji, nafasi kubwa ambamo kadi huchomekwa yaweza kuipa kadi hiyo wati 75 na si zaidi. Waya wa pini sita unaruhusiwa kubeba wati 75 nyingine, na waya wa pini nane wati 150. Toa 75 katika 180, zinabaki 105, nazo hazina budi kupita katika waya ule tusiokuwa nao. Umeme huo ni wa volti 12. Gawanya 105 kwa 12, unapata ampea 8.75.

Sasa tuitazame ile adapta ya bei nafuu. Kichwa cha waya wa kulishia diski za kisasa kina pini tatu za volti 12, na kila pini imepimwa kubeba ampea 1.5. Zote tatu kwa pamoja hubeba ampea 4.5, yaani wati 54. Vijana walitaka kukipitishia kichwa hicho karibu maradufu ya kiwango chake. Na hapo lipo somo jingine tunalolifundisha kila mwaka na kulisahau kila mwaka: joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukikaribia mara mbili, joto hukaribia mara nne. Pini ndogo zilizozungukwa na plastiki, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, zikipata joto mara nne ya lile zilizokusudiwa, hazina njia ila kuyeyuka. Kamba hukatikia pabovu, na katika kamba hii pabovu palijulikana kabla ya kuvutwa.

Kuna jambo baya zaidi katika adapta za namna hii, nalo ndilo lililonifanya niishike kalamu. Katika zile pini nane, zote hazibebi umeme wa kulisha kadi. Mbili zimewekwa ili kuiambia kadi ni waya wa aina gani uliochomekwa. Kadi huzisoma, ikajua kwamba nyuma yake upo waya unaoweza kubeba wati 150, kisha ndipo inapovuta bila wasiwasi. Adapta inayogeuza kichwa dhaifu kuwa cha pini nane huziunganisha pini hizo mbili ili zitoe habari hiyo hiyo, ingawa waya ulio nyuma hauna uwezo huo. Kwa lugha nyepesi, adapta hiyo inasema uongo. Kadi haina kosa kwa kuamini ilichoambiwa. Itavuta kilichoahidiwa, na atakayelipa gharama ya ahadi hiyo si aliyeitoa.

Wapo waliopendekeza njia nyingine. Ndani ya seva kuna waya wa pini nane unaolisha kichakataji, na kwa mbali unafanana na ule wa kadi kama pacha. Lakini mpangilio wake ni kinyume: upande ambao mmoja una volti 12, mwingine una waya wa kurudishia mkondo. Watengenezaji walizitofautisha pembe za pini ili kichwa kimoja kisiingie katika tundu la mwenziwe, ila mkono wenye nguvu na subira haba waweza kukilazimisha. Matokeo yake ni mkondo kupita njia ya mkato, na kadi, seva au vyote viwili kuharibika. Inashangaza kwamba baadhi ya kadi zilizoundwa mahsusi kwa ajili ya seva hutumia kichwa hicho hicho cha kichakataji. Ndiyo maana umbo halitoshi kuwa ushahidi. Lazima kitabu cha mashine kisomwe.

Wengine wakatukumbusha kwamba seva yetu ina visanduku viwili vya umeme, kwa hiyo nguvu zimejaa tele. Hili nalo lina mtego. Visanduku viwili katika seva aghalabu huwekwa ili kimoja kikifa mwenziwe aubebe mzigo wote peke yake. Seva yenye visanduku viwili vya wati 750 haifai kuhesabiwa kuwa na wati 1500. Anayeutumia uwezo wa vyote viwili amemnyima mgonjwa dawa ya akiba, na siku ya dharura mitambo yote itazimika kwa pamoja.

Je, hakuna njia ya haki? Ipo, tena zaidi ya moja. Kwa seva nyingi mtengenezaji mwenyewe huuza waya maalumu wa kulishia kadi, pamoja na kipande cha ubao kinachoupokea. Ni ghali kuliko adapta ya sokoni, lakini unasema kweli. Njia ya pili ni kuchagua kadi inayotosheka na umeme wa nafasi yake pekee. Zipo: ile iitwayo GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, iliundwa kutumia wati 75, na Tesla T4 ya mwaka 2018, iliyoundwa kwa ajili ya seva, hutumia 70. Hata hapo kitabu kisomwe, kwa sababu baadhi ya nafasi katika seva hutoa wati 25 tu, na kadi zisizo na feni yake hutegemea upepo wa seva yenyewe. Njia ya tatu ni kuiweka kadi kubwa katika tarakilishi ya mezani yenye kisanduku cha umeme kinachoifaa, na kuiacha seva ifanye kazi yake ya asili ya kutunza vitabu na mazoezi ya shule nzima.

Chama chetu kilichagua kutafuta kadi ndogo. Itafanya kazi polepole zaidi, na ile kubwa ingali katika kisanduku chake. Lakini wanafunzi walipiga hesabu nyingine ambayo sikuwatuma waipige. Kadi ya wati 180 ikifanya kazi kwa saa 6 hula zaidi kidogo ya yuniti moja ya umeme kila siku, ilhali ile ya wati 70 hula chini ya nusu yuniti. Kwa shule inayonunua umeme kwa tokeni, hiyo ni habari ya mhasibu kama ilivyo ya mwalimu wa fizikia.

Asije mtu akadhani kwamba ninazungumzia shule moja na waya mmoja. Sisi wa magharibi tunaijua hadithi hii kwa kipimo kikubwa zaidi. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kabla ya muongo ule kwisha Kenya ilikuwa ikinunua umeme wake. Nyaya kubwa zilivuka mpaka kupitia Tororo, zikakatiza magharibi mwa nchi kuelekea Nairobi. Kwa miaka mingi watu walilima chini ya nyaya hizo mchana, na usiku wakasoma kwa koroboi. Nguvu zilikuwepo, tena za kutisha, volti 132,000 juu ya vichwa vyao. Kilichokosekana ni vituo vya kuzipunguza, transfoma na nguzo za kuzifikisha nyumbani. Hakuna aliyeweza kutundika taa ya mezani katika waya ule. Kati ya chanzo na mtumiaji lazima pawe na kiungo kilichopimwa, na kiungo hicho ndicho ghali, ndicho kisichopigwa picha.

Miaka ya karibuni tumeiona hadithi hiyo tena. Mwaka 2013 wanafunzi wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Ilipofika wakati wa kutimiza, ikagunduliwa kwamba maelfu ya shule za msingi hazina umeme kabisa, ndipo zikaunganishwa kwa haraka, na kuanzia mwaka 2016 vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule zaidi ya 20,000. Juhudi hiyo ilikuwa kubwa, na mwenye haki hataibeza. Lakini mwalimu yeyote aliyekuwepo anakumbuka shule ambako umeme ulifika katika ofisi ya mwalimu mkuu na kukomea hapo, soketi mbili kwa darasa zima la vifaa vya kuchajiwa. Katika karatasi shule hiyo iliandikwa kwamba imeunganishwa. Ilikuwa kweli, kama ilivyo kweli kwamba adapta ile ina pini nane.

Ndiyo maana naiona adapta ile kuwa mfano wa maradhi yetu. Tumezoea kuhesabu vichwa vya nyaya na kusahau wati. Tunaandika kwamba shule ina maabara, wala hatusemi kama ina maji na gesi. Tunaandika kwamba mwanafunzi amehitimu somo la kompyuta, wala hatusemi kama alipata zamu ya kugusa mashine. Cheti nacho ni pini za kutoa habari: humwambia mwajiri, au chuo, kwamba nyuma yake upo uwezo wa kiasi fulani. Kikiahidi 150 na nyuma yake mna 54, mwajiri atavuta kama alivyoahidiwa, na atakayeungua ni kijana wa watu.

Najua nitapingwa. Kuna watakaosema kwamba Mwafrika hakuendelea kwa kusubiri vipuri vya kiwandani, na kwamba mafundi wa jua kali wameifanya nchi hii itembee kwa kuunganisha kisichounganika. Nawavulia kofia mafundi hao. Lakini mwendee fundi yeyote wa kuchomelea vyuma anayeheshimika, hapo Bokoli au Kitale, umwombe aiwashe mashine yake kwa waya wa taa. Atacheka. Anajua waya wa unene gani hubeba mashine ya aina gani, na anajua kwa sababu riziki yake imo humo. Ubunifu wa jua kali ulio bora una vipimo ndani yake, ila haukuandikwa. Anayeunganisha bila kupima anabahatisha, naye asijifiche nyuma ya jina la fundi.

Wapo pia watakaosema kwamba sisi ni maskini na hatuna anasa ya kuchagua. Mimi naona kinyume. Tajiri akichoma kadi hununua nyingine. Hata huko kwenye utajiri mambo haya hutokea: mwaka 2022 kadi ya Nvidia iitwayo RTX 4090, iliyopimwa wati 450, ilipotoka na kichwa kipya chembamba cha umeme, baadhi ya wanunuzi waliona plastiki ya vichwa hivyo ikiyeyuka, na mwaka uliofuata kanuni ya kichwa hicho ikarekebishwa. Wao walikuwa na dhamana na duka la kurudishia. Sisi tuna seva moja. Maskini ndiye anayepaswa kupima mara mbili, kwa kuwa kitambaa chake ni kimoja.

Nina mambo manne ya kupendekeza. Kwanza, shule yoyote kabla ya kupokea mashine ijaze ukurasa mmoja: inahitaji wati ngapi, volti ngapi, kichwa cha aina gani, inatoa joto kiasi gani, na nani ataitengeneza ikiharibika. Ukurasa huo ujazwe na wanafunzi, mwalimu akisimamia. Pili, wahisani na ofisi zinazotoa mitambo iliyotumika zitoe na nyaya zake na kitabu chake. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limetuonyesha kwamba tarakilishi kuukuu zinaweza kukarabatiwa kwanza ndipo zikapelekwa shuleni. Mashine isiyo na waya wake ni mzigo uliohamishwa kutoka ghala moja hadi jingine.

Tatu, vyuo vyetu vya ufundi na vyuo vikuu vilivyo jirani, kuanzia Kitale hadi Kibabii, viwatume wanafunzi wao wa umeme na tarakilishi katika shule za upili, hata kwa siku moja kwa muhula. Watafundisha, nao watajifunza. Nne, na hili ni letu walimu, tuitoe fizikia katika daftari. Katika mtaala wa 8-4-4 athari ya joto la mkondo hufundishwa kidato cha tatu na umeme wa majumbani kidato cha nne. Mtaala mpya wa umilisi nao unadai kwamba mwanafunzi aonyeshe anachoweza kutenda. Hakuna mtihani wa kutenda ulio bora kuliko kumpa mwanafunzi kadi, seva na kalamu, umwambie: niambie kama vitu hivi viwili vinaweza kuoana, na kama haviwezi, niambie ni kwa ampea ngapi.

Mwanafunzi atakayejibu swali hilo ataweza, akiwa mtu mzima, kuuliza kuhusu daraja linaloahidiwa, mkopo unaotangazwa na mradi unaozinduliwa: ahadi ni kiasi gani, na waya ulio nyuma yake unabeba kiasi gani? Taifa lenye raia wa namna hiyo ni vigumu kudanganywa kwa plagi inayoingia.